Kazi ya fundi nondo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na vijana wanaokuja saiti kutafuta kibarua, na saidia fundi wanaotaka kupanda ngazi, na watu wanaojenga nyumba zao wakiwa hawajui wamwamini nani. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Panapohusu Zanzibar, Kenya au nchi za Ghuba nimetaja.

Fundi nondo anafanya nini hasa?

Anakata, anakunja, anasuka na kuziweka nondo mahali pake kabla zege halijamwagwa: kwenye msingi, nguzo, boriti, ngazi, jamvi (slabu, yaani bamba la zege la sakafu), ukuta wa tangi la maji, nguzo za daraja. Zege lina nguvu kubwa likigandamizwa, lakini likivutwa hupasuka mapema. Nondo ndiyo inayobeba ule mvuto. Kwa hiyo boriti iliyoegemea nguzo mbili huwekwa nondo nene upande wa chini, kwa sababu ikilemewa hunepa katikati na chini ndiko kunakovutika. Balkoni iliyochomoza nje ni kinyume chake: inavutika juu, kwa hiyo nondo zake kuu ziko juu. Ukilishika hili moja, michoro mingi itaanza kukueleza sababu zake yenyewe.

Ni kazi moja na ya fundi wa kuchomelea, au wale wanaosimamisha vyuma vya maghala?

Hapana. Wa kuchomelea anaunganisha chuma kwa moto. Wanaosimamisha maghala na minara hufanya kazi ya boliti, kreni na kupanda juu. Kwetu hizi ni fani tatu. Marekani na Kanada mambo ni tofauti kidogo: wasuka nondo na wasimamisha vyuma wako chini ya chama kimoja, kilichoanzishwa Pittsburgh mwaka 1896, na kijana hujifunza zote kwa miaka mitatu hadi minne huku akilipwa. Aliyehamia huko na uzoefu wa kusuka asianze kwa kubeba mizigo ghalani, akaulize kwanza tawi la chama hicho lililo karibu naye.

Ninahitaji elimu gani kuanza?

Kuanza kama saidia fundi huhitaji cheti chochote. Unahitaji kujua kujumlisha, kugawanya na kusoma tepu kwa milimita bila kubabaika. Hesabu ya darasa la saba inatosha kabisa ukiitumia kila siku. Wengi wanaokwama hawakwami kwa hesabu, wanakwama kwa kuogopa karatasi: mchoro ukifunguliwa wanarudi nyuma na kumwachia foromani. Miaka kumi baadaye bado wanafunga waya tu kwa malipo ya kutwa.

Ninunue vifaa gani kwanza?

Koleo zuri la kufungia, tepu ya mita tano, chaki, na buti zenye chuma mbele. Glovu mkandarasi anapaswa kukupa pamoja na helmeti, lakini uwe na pea yako. Chuma cha kukunjia na benchi lake huwa vya saiti. Ukianza kuchukua kazi mwenyewe ndipo utengeneze vyako. Usitoe pesa kubwa kwenye grainda kabla hujawa na kazi ya kuilisha.

Mchoro wa nondo nianze kuusoma vipi?

Anza na maandishi madogo yaliyo pembeni ya kila mstari. Ukikuta 12Y16-05-150 T, isome hivi: nondo kumi na mbili, za milimita 16, alama yake ni namba 05, zipangwe kila milimita 150, zikae juu. Ikiwa B, zinakaa chini. Herufi iliyo kabla ya unene, Y, T au H kulingana na ofisi iliyochora, ni nondo ngumu yenye matuta mwilini. R ni ile laini, isiyo na matuta, ambayo zamani ilitumika sana kwa ringi, zile nondo nyembamba zinazozunguka na kufunga nondo kuu.

Ile alama 05 ndiyo ufunguo. Inakupeleka kwenye orodha ya nondo, ambayo mainjinia huiita BBS, na humo utaikuta hiyo 05 ikiwa na umbo, vipimo vya kila upande, urefu wa kukata na idadi yote. Chukua mchoro na orodha, fuata alama moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: iko wapi kwenye jengo, ina umbo gani, inakatwa urefu gani, inakaa juu au chini ya mwenzake. Kesho fuata nyingine. Foromani mwenye roho nzuri atakuachia nakala iliyochakaa ukasome jioni. Iombe kwa heshima, na usiichukue ile inayotumika.

Kisha jifunze kutazama mkato, yaani mchoro unaoonyesha boriti kana kwamba imekatwa katikati. Mchoro wa boriti kwa urefu hauonyeshi kila kitu. Mkato ndio unaokuonyesha nondo ngapi ziko juu, ngapi chini, na ringi imezizungukaje. Mafundi wengi hukosea hapa: wanahesabu mistari kwenye urefu, wanaona miwili, wanaweka nondo mbili, kumbe mkato unaonyesha nne, mbili zimejificha nyuma ya zenzake.

Hiki ndicho kitu ninachokisisitiza kuliko vyote kwenye ukurasa huu. Kufunga waya kwa kasi utakuzoea ndani ya miezi michache. Anayesoma mchoro ndiye anayeachiwa genge, ndiye anayeweza kukadiria tani kabla ya kutaja bei, na ndiye anayegundua kosa likiwa bado liko kwenye karatasi.

Nitajuaje urefu wa kukata ringi?

Tuchukue nguzo ya milimita 230 kwa 230 yenye kava (unene wa zege nje ya nondo) ya 25 kila upande. Ringi itakuwa 180 kwa 180 kwa vipimo vya nje. Pande nne ni 720. Ongeza ndoano mbili, kila moja mara kumi ya unene wa nondo: kwa milimita 8 ni 80 na 80. Jumla 880.

Ukikata 880 na kukunja, utaona ndoano zimetoka ndefu kuliko ulivyokusudia, kwa sababu kwenye kona chuma hakifiki pembeni kabisa, kinakata njia. Kwa hiyo mafundi hupunguza unene mara mbili kwa kila kona ya digrii 90, na mara tatu kwa kila ndoano ya digrii 135. Hapa ni kona tatu na ndoano mbili: 48 na 48, unabaki na 784. Kunja moja ya majaribio, ipime, ndipo ukate nyingine zote.

Faida yake iko wapi? Nondo ya mita 12 ukiikata kwa 880 inatoa ringi 13 na kipande cha kutupa. Ukiikata kwa 784 inatoa 15. Kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye mamia ya ringi, hizo ni nondo nyingi za mwenye mali.

Kwa nini ndoano ya ringi iingie ndani kwa digrii 135? Mbona 90 ni rahisi kukunja?

Ni rahisi kweli, na ndiyo maana wengi hufanya hivyo. Lakini nguzo ikitikiswa, zege la nje, lile la kava, ndilo linalobanduka kwanza. Ndoano ya 90 imelala ndani ya hilo zege la nje, kwa hiyo likibanduka ringi inafunguka, na nondo kuu zinapinda kwenda nje. Ya 135 imeshika ndani ya kiini cha nguzo. Usiseme kwetu hakuna matetemeko: la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliwaacha watu wengi wa Bukoba bila nyumba. Ukanda wote wa Bonde la Ufa uko katika hali hiyo. Na ringi zikaribiane zaidi kwenye vichwa na miguu ya nguzo kama mchoro unavyosema. Nafasi ya katikati usiifanye ya nguzo nzima.

Kava ni nini, na kwa nini injinia anaikazania hivyo?

Kava ni unene wa zege kati ya nondo na hewa, au kati ya nondo na udongo. Mchoro ndio unaotoa kipimo. Mara nyingi utakuta 20 au 25 kwa jamvi la ndani, 25 hadi 40 kwa nguzo na boriti, 50 kwa msingi, na 75 zege linapomwagwa moja kwa moja kwenye udongo.

Nondo ikishika kutu huvimba, na ule uvimbe hupasua zege kutoka ndani. Tembea kwenye majengo ya zamani ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa yaliyo karibu na bahari, tazama chini ya balkoni: utaona zege limebanduka kwa mstari mnyoofu na nondo nyekundu imejitokeza. Hewa ya chumvi imepita kwenye kava nyembamba. Kwa hiyo weka spesa, yale matofali madogo ya zege yenye waya, na yawe ya kutosha. Kokoto chini ya nondo haifai: vibreta, mashine ya kutikisa zege, ikipita kokoto inateleza na nondo inakaa kwenye mbao. Kipande cha mbao ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa huoza na kuacha tundu.

Nondo mbili zinapokutana, zipishane kiasi gani?

Fuata mchoro. Ukikuta umeandikwa 40 au 50 mara ya unene, zidisha: nondo ya 12 kwa 50 ni milimita 600, ya 16 ni 800. Usiunganishe zote mahali pamoja, ziachanishe. Na tafadhali usipunguze kipishano ili kipande kilichobaki kitoshe.

Nondo yenye kutu inafaa?

Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa haina neno. Ikibanduka kwa magamba, isugue kwa brashi ya waya. Ikiwa imeliwa hadi imepungua unene, iache. Matope, grisi na oili ya boksi (fomu ya mbao inayoshikilia zege) ni lazima vitoke.

Naweza kuipasha moto ili ikunjike?

Hapana. Moto unaharibu ugumu uliopewa kiwandani. Usiinyooshe pia nondo iliyokwisha kukunjwa ukaikunja tena palepale. Inaweza kupata ufa usioonekana.

Siku ya kumwaga zege, fundi nondo ana kazi gani?

Anapaswa kuwepo, na anapaswa kulipwa kwa kuwepo. Siku hiyo ndiyo kazi ya wiki nzima huharibika kwa saa moja.

Chukua balkoni. Tumesema nondo zake kuu ziko juu. Umezipandisha kwenye viti vya nondo, umefunga vizuri, injinia amekagua akatia saini. Asubuhi wanaingia watu ishirini na ndoo na matoroli. Wanakanyaga. Viti vilivyowekwa mbalimbali vinalala, na zile nondo za juu zinashuka hadi katikati ya jamvi au chini kabisa. Zege linapita juu yake, linasawazishwa, linang'aa. Hakuna atakayeona kitu. Boksi likitolewa baada ya wiki kadhaa, balkoni inashikwa na zege tupu pale penye mvuto.

Kwa hiyo weka viti vya kutosha, kila mita moja au chini ya hapo kwa nondo nyembamba. Tandika mbao za kupitia, ziegemee kwenye boksi na si kwenye nondo. Mtu mmoja wa nondo atangulie mbele ya zege na koleo na chuma cha kunyanyulia, arudishe kila kilichoshuka. Msimamizi akikuambia uondoke kwa sababu kazi yako imekwisha, mwombe injinia aamue.

Nitajuaje kama nondo iliyoletwa si pungufu?

Pima uzito. Unene kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12: 144 gawanya kwa 162 ni kilo 0.89. Kwa mita 12 ni kilo 10.7 hivi. Ya 16 ni kilo 19, ya 20 ni karibu 30, ya 25 ni 46. Kiwandani huruhusiwa kupungua kidogo, lakini ya 12 ikisoma kilo 9 kwenye mizani, hiyo ni ya 11 iliyobandikwa jina la 12. Pima tano kwa pamoja ili kupata wastani, na pima urefu pia, maana wapo wanaouza mita 11 na nusu kwa bei ya 12.

Mwenye nyumba anataka nipunguze nondo. Nifanyeje?

Kataa kwa lugha ya upole. Mwambie: mzee, au mama, mchoro huu si wangu, anayeweza kuubadilisha ni injinia aliyeuchora, tumpigie. Mara nyingine injinia atakubali kubadilisha, kwa mfano kuweka za 12 kwa karibu zaidi badala ya za 16, na atakuandikia. Bila maandishi usiguse.

Jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013, na jingine Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Watu walikufa. Jengo huanguka kwa mambo mengi yanayokutana, na siwezi kukubali kwamba mojawapo liwe ni ringi nilizozipunguza mimi ili mtu abaki na laki mbili. Kazi utapata nyingine.

Malipo yakoje?

Kwa kutwa, kwa kilo au tani, au kwa kipande: nguzo kadhaa, jamvi la mita za mraba kadhaa. Kutwa ina uhakika, ila haikui. Kwa kilo unaweza kupata zaidi, mradi unajua unachokubali. Tani moja ya nondo za 25 kwenye kitako cha msingi ni nondo ishirini na kidogo tu. Tani moja ya ringi za 8 ni kukunja maelfu ya kona. Usitaje bei moja kwa zote mbili. Kubaliana pia nani ananunua waya, nani anabeba kutoka lori hadi benchi, nani anakata, na nondo zitapimwa kwa orodha ya mchoro au kwa risiti za dukani. Iandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, pande zote zitie saini.

Nimefanya kazi sijalipwa. Niende wapi?

Kwa aliyeajiriwa Tanzania Bara, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai ya mshahara hupelekwa ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi isivyo halali ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri ahadi za "wiki ijayo". Tunza chochote kinachoonyesha ulikuwepo: picha, jumbe za simu, majina kwenye daftari la mahudhurio. Kwa sheria hiyohiyo, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Chama cha wafanyakazi cha sekta yetu ni TAMICO.

Hatari kubwa ni zipi?

Kuanguka, kwanza. Ya pili ni nondo zilizosimama wima: mtu akijikwaa juu ya jamvi akaangukia nondo za kuanzia nguzo, zinaingia mwilini. Zifunike kwa kofia zake, zikunje vichwa kama injinia ameruhusu, au zifunge ubao juu. Ya tatu watu huisahau: nondo ya mita 12 ikisimamishwa karibu na nyaya za umeme za barabarani. Ukiwa ghorofa ya kwanza mjini, tazama juu kabla hujageuza nondo. Diski ya grainda nayo hupasuka. Miwani isitoke machoni.

Mchomo wa waya au nondo usiudharau. Nenda kituo cha afya ukachomwe sindano ya pepopunda.

Nikiumia kazini?

Toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo, mbele ya shahidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Usalama wa saiti husimamiwa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria ya 2003.

Nimejifunzia saitini. Naweza kupata cheti?

Ndiyo. VETA hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: unafanyiwa tathmini kwa vitendo, unajazwa pengo lililopo, unapewa cheti. Uliza chuo cha VETA cha mkoa wako kama wanaipokea fani ya nondo peke yake au ndani ya ujenzi. Zanzibar, nenda Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Kenya, NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu hadi ya kwanza, na NCA (mamlaka ya ujenzi) huandikisha mafundi wa ujenzi.

Kazi za Ghuba zinafaa?

Kwa fundi anayesoma mchoro, zinaweza kufaa. Pitia kwa wakala mwenye leseni. TaESA, huduma za ajira za serikali, watakueleza yupi anayo. Mkataba uusome kabla hujapanda ndege, na uangalie jina la kazi: likiwa "helper" (saidia) badala ya "steel fixer" (fundi nondo), utalipwa kama helper hata ukisuka daraja zima. Pasi yako ya kusafiria ikae kwako.

Joto la kule linaua. Sheria zinakataza kazi za juani wakati wa kiangazi: Imarati saa 6:30 hadi 9:00 mchana, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, Omani saa 6:30 hadi 9:30, Juni hadi Agosti, Qatar saa 4:00 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba. Qatar pia ina kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za makazi na 300 za chakula kama mwajiri havitoi.

Wanawake wapo kwenye kazi hii?

Wapo, na waongezeke. Kufunga kunataka mikono mepesi na jicho la mpangilio. Nondo ya 25 yenye kilo 46 haifai kubebwa na mtu mmoja, awe mwanamume au mwanamke.

Najenga nyumba yangu. Nikague nini kabla ya zege?

Beba mchoro, tepu na simu. Hesabu nondo za nguzo moja ya kona na moja ya katikati. Pima nafasi za ringi sehemu tatu: chini, kati, juu. Pima kava kati ya nondo na boksi pande zote, ilingane na mchoro. Zikigusana popote, spesa hazitoshi. Sukuma nondo za jamvi kwa mguu, zisicheze. Kwenye balkoni na kwenye jamvi juu ya ukuta wa katikati, hakikisha kuna nondo za juu. Piga picha kila eneo na tepu ikiwa imelazwa juu yake. Injinia wako akague na kutia saini kabla lori la kokoto halijaanza kushusha, maana mixer ikishaanza kunguruma hakuna atakayekubali kuizima.